Uwanja Usio na Waya

Tulasa Rayamajhi hakuwa na kawaida ya kutazama chini. Watu wengine wakiingia uwanjani hutazama nyasi, hutafuta kivuli, huangalia pa kuweka viti. Yeye alisimama katikati, akakinga macho kwa mkono na kutafuta nyaya. Waya wa umeme, waya wa simu, kamba ya bendera za sala iliyofungwa kutoka paa la huyu hadi mti wa yule, zote alizichukia sawasawa. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya chama cha wenye helikopta mjini Pokhara, nchini Nepal, na alijua kwamba rubani haogopi mlima kama anavyoogopa waya. Mumewe Lokendra, mwalimu wa hesabu, hupenda kusimulia kwamba hata siku walipoupeleka mwili wa shangazi mtoni kuchomwa, Tulasa alitazama juu akamnong'oneza, "Hapa zinatua mbili."

Mwaka huo chama kiliamua kufanya maonesho ya biashara ya helikopta. Wauzaji wa mashine wangekuja kutoka Ulaya na India, wauza vipuri wangepanga meza zao, na kila mwanachama angeleta helikopta zake zisimame mstari, watu wazizunguke, wapande, wanunue. Kazi ya kutafuta mahali ilimwangukia Tulasa. Hakuna aliyemuuliza kama anaitaka. Katika chama kile kila kazi ilimwangukia Tulasa, toka kufuatilia vibali hadi kukumbuka kwamba mwenyekiti hanywi chai yenye tangawizi.

Mwenyekiti mwenyewe, Kapteni Yuvaraj Hamal, alikuwa rubani mstaafu, mtu mwema asiyesikiliza. Mwaka uliotangulia walijaribu maonesho madogo kando ya ziwa, wakayafungua siku ambayo hakuna aliyemuuliza mnajimu, na upepo ukang'oa hema na kulibwaga majini huku mgeni rasmi akiwa katikati ya hotuba. Toka hapo Kapteni aliapa kwamba hatafungua hata chupa ya soda kwa jina la chama bila kuuliza nyota. Kwa hiyo safari hii alianza na nyota. Kabla ya uwanja, kabla ya wageni, kabla ya mtu yeyote kufikiri lolote, alikwenda kwa Pandit Homnath, mnajimu wa mtaani kwake, akamwomba siku bora kuliko zote baada ya sikukuu. Pandit akampa tarehe kumi na nane ya mwezi wa Mangsir.

Tulasa alipoisikia tarehe hiyo mkutanoni, kalamu ilimtoka mkononi. Ilikuwa ndiyo siku ya harusi ya Ranju, binti yake wa pekee. Pandit huyohuyo ndiye aliyeitoa, toka msimu wa mvua.

"Kapteni," alisema, "hiyo ni siku ya harusi."

"Ya nani?"

"Ya binti yangu. Na ya binti wa kila mtu. Mangsir yote watu wanaoana, na siku hiyo ndiyo nchi nzima imeigombania."

"Mnaona sasa?" Kapteni aliwageukia wenzake kwa furaha. "Ndiyo maana ni nzuri."

Hapo ndipo mtu unatamani kumshika mwenzio mabega na kumtikisa. Lakini Kapteni ni mkubwa, na mkubwa hatikiswi, kwa hiyo Tulasa aliinama akaokota kalamu yake.

Jambo lililomkereketa halikuwa karamu wala nguo. Ni ile saa ya kuosha miguu. Baba na mama wa bibi harusi hawali kitu toka jana yake. Wanakaa na njaa yao hadi kuhani aseme sasa, ndipo wanainama bega kwa bega, wanawaosha miguu maharusi, na kwa tendo hilo wanakuwa wamemtoa mtoto wao. Mama asipokuwepo, atatafutwa mwanamke mwingine wa ukoo akae mahali pake. Tulasa alijua hilo kwa sababu miguu yake mwenyewe ilioshwa na mke wa baba mdogo, mama yake akiwa amelazwa hospitali, na mpaka leo alikuwa anakumbuka jinsi mikono ya yule mama mdogo ilivyokuwa na haraka. Alijiapia kwamba Ranju hataoshwa na mikono ya kuazima.

"Utapita harusini asubuhi, halafu uje kwetu," Kapteni alimpa suluhisho.

"Saa ya ibada haipitiwi, Kapteni. Kuhani akisema adhuhuri, ni adhuhuri. Akisema alasiri, nitakaa na njaa mpaka alasiri."

"Basi tafuta uwanja ulio karibu na harusi yako. Utavuka barabara tu."

Alisema hivyo bila utani wowote.

Basi Tulasa akaanza kuzunguka mji kama pia. Alianza na kumbi za sherehe za kando ya ziwa, zile zenye bustani pana nyuma. Meneja wa kwanza alimsikiliza kwa adabu mpaka alipoitaja tarehe, kisha akaita wenzake wawili kutoka jikoni. "Dada, hebu rudia waisikie na wao." Akarudia. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Kumi na nane Mangsir! Dada yangu, siku hiyo nina maharusi watatu kwa zamu. Wa mwisho anakula saa nne usiku. Hiyo helikopta yako nitaiweka wapi, kwenye sinia la wali?"

Uwanja wa mpira ulikuwa umechukuliwa na mkandarasi mmoja aliyekuwa anaoza mapacha wake. Uwanja wa shule ya sekondari ya mtaani ulikuwa wazi, alivyodhani, mpaka mwalimu mkuu alipomweleza, huku akimwonea huruma, kwamba wapishi wa harusi nne wataweka masufuria yao pale, na hata walimu nusu wameomba ruhusa. Alikokwenda kote alikuta siku ileile imemtangulia na imeshakaa kitako.

Chini ya mlima wa Sarangkot alipata uwanja mtupu. Hauna harusi, hauna sufuria, hauna waya. Tulasa alisimama katikati akakinga macho kwa mkono, na kwa mara ya kwanza katika wiki zile akatabasamu. Alipokuwa bado anatabasamu, kijana mmoja akashuka kutoka angani akiwa amening'inia kwenye mwamvuli mwekundu, akatua karibu amguse, akajifungua mikanda na kumuuliza kama anajua pa kupata chai. Nyuma yake akashuka wa pili, kisha mzungu mmoja akipiga mayowe. Tulasa alitazama juu vizuri zaidi. Anga lote la upande ule lilikuwa limejaa miamvuli.

"Mnatua hapa kila siku?"

"Kila siku, mama. Na siku za harusi ndiyo usiseme, kuna mabwana harusi wanataka kupigwa picha huku wanaruka."

Tulasa alimwelekeza penye chai akaondoka. Aliingia kwenye teksi, akafunga mlango, akaegemeza paji la uso kwenye kiti cha mbele, hata dereva akamuuliza kama kuna aliyefariki.

Nyumbani hali haikuwa nafuu. Sebule ilijaa vitambaa vyekundu, na shangazi za Lokendra walikuwa wamehamia jikoni wakigombana juu ya unga wa kukaangia mikate ya mviringo. Ranju, aliyekuwa muuguzi na mwenye ulimi kama wa mama yake, alimkuta amejilaza na viatu.

"Mama, umepata?"

"Nimepata maumivu ya miguu."

"Mimi siogopi kitu. Ukichelewa nitamwita Kapteni Hamal anioshe miguu. Ataiosha huku anatoa hotuba."

Tulasa alicheka bila kutaka. Kisha Ranju akakaa kitandani, akaanza kumvua kiatu kimoja, na sauti yake ikabadilika. "Lakini utakuwepo, sivyo? Niambie ukweli tu."

"Nitakuwepo. Hata wanifukuze kazi."

"Hawawezi kukufukuza. Nani atamkumbukia chai yake?"

Kesho yake Tulasa akapigiwa simu na mkwe wake mtarajiwa, baba wa bwana harusi Nirdesh, mfanyabiashara wa mji wa Tansen, mtu wa kupenda makuu. Tulasa alikuwa amempinga mapema kuhusu jambo hili akashindwa: bwana harusi angekuja kwa helikopta, na angemchukua bibi harusi kwa helikopta. Uwanja wa harusi Tulasa ndiye aliyeutayarisha, shamba la mpunga la shemeji yake ng'ambo ya mto Seti, lililokwisha kuvunwa. Aliwabembeleza jirani wakahamisha waya uliokuwa ukikatiza pale, nyati wakafungwa mbali, hema likapangwa upande usikofika upepo.

"Mama mkwe, tusaidie," baba Nirdesh alilalama kwenye simu. "Helikopta tuliyoiwekea nafasi wanataka kumpa mtu mwingine. Wanasema siku hiyo hakuna hata moja. Nchi nzima, hata moja. Wewe uko kwao, hebu waambie."

Tulasa alipiga simu mahali walipowekea nafasi, kampuni ya Bwana Pradip Palikhe, mmoja wa wajumbe wa kamati yake mwenyewe. Binti wa mapokezi alimpa majibu yaleyale: tarehe kumi na nane mashine zote ziko harusini, nyingine kubeba mabwana harusi, nyingine kumwaga maua. Alimpigania baba Nirdesh mpaka nafasi yake ikarudishwa. Alipokata simu aliishika ile simu mkononi akaitazama kama amekutana nayo leo. Halafu akaanza kucheka peke yake, cheko baya, na mmoja wa shangazi akachungulia kutoka jikoni.

Siku ya mkutano alifika wa mwisho. Kapteni alikuwa kwenye kiti chake kikubwa. Kulia kwake Bwana Palikhe, mnene, mchangamfu. Kushoto Mingmar, Msherpa wa Solu ambaye helikopta zake huokoa watu milimani, na ambaye kwa kawaida husinzia.

"Dada Tulasa, tupe habari njema," alisema Kapteni.

"Hakuna uwanja."

"Hakuna kivipi? Mji mzima huu?"

"Mji mzima huu unaozesha."

Bwana Palikhe aliinua kidole. "Mimi nimelifikiria hili. Dada Tulasa ana uwanja. Nimeuona, ni safi, hata waya hauna. Harusi ikae upande huu, maonesho yakae upande ule. Wapishi walewale, turubai lilelile. Wageni wakichoka na harusi wanakuja kutazama helikopta, wakichoka na helikopta wanarudi kula."

"Wazo zuri sana," alisema Kapteni. "Na wewe hutakosa ibada yako. Unaona? Siku njema inajipanga yenyewe."

Tulasa aliwatazama mmoja mmoja. Maji yalikuwa yamemfika shingoni toka Sarangkot, na sasa yakapita. Hakupandisha sauti. Aliweka simu yake katikati ya meza, akaongeza sauti ili wote wasikie, akapiga.

"Namaste, dada," aliitikia binti wa mapokezi wa Bwana Palikhe.

"Namaste, mwanangu. Nahitaji helikopta tarehe kumi na nane Mangsir."

"Jamani, dada, na wewe? Zote zimekwisha. Mbili Chitwan, moja Butwal, moja inakuja hapohapo Pokhara kumchukua bibi harusi ng'ambo ya Seti."

"Hata moja ya kusimama tu? Haitaruka. Isimame watu waione."

"Dada, siku hiyo ikisimama, Bwana Palikhe mwenyewe atanikata kichwa."

Bwana Palikhe alianza kujifuta shingo kwa leso. Tulasa alikata, akapiga kwenye kampuni ya Kapteni. Kijana aliyepokea alikuwa mpole zaidi lakini jibu lilikuwa lilelile, tena akaongeza kwamba hata ile nzee ya mafunzo imepakwa rangi nyekundu kwa ajili ya harusi ya Gorkha. Tulasa akapiga kwenye kampuni ya Mingmar.

"Sisi tunazo mbili," alijibu mtu wa Mingmar, "lakini ziko Lukla, huko milimani, zinangoja wagonjwa. Bosi hataki mambo ya harusi."

Mingmar, ambaye hakuwa amesinzia safari hii, alijipiga paja. "Basi maonesho ni yangu. Nitakuja na machela."

"Kapteni," alisema Tulasa, akiichukua simu yake mezani, "wageni watatoka Ulaya waje kuona helikopta. Tutawaonesha nini? Nimezunguka mji huu mpaka soli zimeisha, natafuta mahali pa kuweka vitu ambavyo ninyi wenyewe mmevikodisha. Mlijua. Kila mmoja alijua za kwake, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye ataleta."

Walitazamana. Ilikuwa hivyohivyo. Bwana Palikhe alidhani Kapteni ataleta, na Kapteni, kwa kuwa mwenyekiti, alidhani wanachama ndio kazi yao.

"Siku bora kuliko zote," alimalizia Tulasa, "kila mtu anaitaka. Mniombee siku ya kawaida. Mwezi wa Poush, ambao hakuna anayeoa. Viwanja vitupu, wapishi wamelala, helikopta zimekaa."

"Poush?" Kapteni alishtuka kweli. "Poush mtu haanzi jambo, Dada Tulasa. Ulisahau lile hema?"

"Mimi mwezi wa Poush naokoa watu," alisema Mingmar. "Mtu akiwa ameganda kwenye barafu hajawahi kuniuliza nyota zinasemaje. Na hatujaanguka."

Kapteni hakutaka kushindwa hivihivi, akampigia Pandit Homnath palepale. Mzee alisikiliza, akakohoa, akasema kwamba Poush haina ndoa, hilo ni kweli, lakini mtu kutandika bidhaa zake na kuuza hakumkosei mungu yeyote. Mmfanyie mungu Ganesh ibada asubuhi, mvunje nazi, mwendelee. Kapteni alimshukuru, akaweka simu, akakaa kama mtu aliyepokonywa sahani.

"Basi Poush," alisema. "Lakini uwanja bado hatuna."

"Niacheni kwanza nimwoze binti yangu," alisema Tulasa. "Uwanja tutazungumza baadaye."

Tarehe kumi na nane ilipofika, anga lilikuwa jeupe na mlima wa Machhapuchhre umesimama wazi juu ya mji. Helikopta ilitua ng'ambo ya Seti bila kutikisa hata kamba ya hema. Tulasa alikuwa amemwagia uwanja maji toka alfajiri, kwa hiyo hakukuwa na chembe ya vumbi, na wageni walimsifu. Njaa ilimuuma vizuri. Kuhani alipotoa ishara alikaa bega kwa bega na Lokendra mbele ya sinia la shaba, akashika miguu ya binti yake kwa mikono yake miwili, na hakuwa na haraka hata kidogo. Ranju aliinama akamwambia kwa sauti ya chini, "Maji ya baridi, mama," na Tulasa akamjibu, "Nyamaza, wewe ni bibi harusi." Lokendra alikuwa analia waziwazi, hata kamasi hakufuta.

Kuaga ndiko alikokuwa hajakufikiria. Katika ndoa aliyoijua yeye, bibi harusi huondoka kidogo kidogo. Kaka zake humbeba hadi kwenye gari, gari likataka kuondoka, mtu akakumbuka sanduku, bendi ikarudia wimbo, mama akashika dirisha na kutembea nalo hadi kwenye kona, na kona yenyewe haifiki haraka kwa sababu barabara ni mbovu na kuna ng'ombe. Mtu anapata nafasi ya kulia na kuacha na kuanza tena. Hata mama yake mwenyewe, aliyeletwa kutoka hospitali jioni ya ndoa ya Tulasa akiwa na nguo za wagonjwa, aliwahi kumkuta kwenye kona.

Sasa rubani alitazama saa, akaja kwa heshima akasema upepo wa alasiri unaanza kupanda bondeni, waondoke sasa hivi ama walale. Tulasa alilijua hilo. Alikuwa ameliandika yeye kwenye maelekezo ya marubani wote. Akatikisa kichwa, ndiyo. Ranju alimkumbatia, shada la maua likavunjika kati yao, mtu akamshika Ranju kiwiko, kichwa chini, mlango, mkanda. Mapanga yakaanza kuzunguka. Tulasa alitembea hatua chache akasimama pale anapojua watu husimama. Helikopta iliinuka moja kwa moja, ikapinda juu ya Seti, ikashika njia ya kusini. Hakuna kilichoichelewesha. Nyati walikuwa mbali, miti ilikuwa mbali, waya haukuwepo. Alikinga macho kwa mkono na kutazama juu mpaka pakawa hapana kitu.

Kapteni Hamal alikuja taratibu kutoka kwenye hema, kipaku chekundu cha baraka usoni, ameshiba. Alikuwa ameuzunguka uwanja wote kwa miguu.

"Dada Tulasa," alisema, "tuache mchezo. Huu ndio uwanja wenyewe. Sijaona mahali pazuri kama hapa."

Tulasa alijifuta macho kwa ncha ya sari. Hapakuwa hata na vumbi la kusingizia.

"Chukueni," alisema. "Unafaa. Ndege inaondoka hapa kabla hujasema neno."